Kijerumani kutoka sifuri, ukianzia kwenye Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili anayeanza Kijerumani mara nyingi hubebeshwa mzigo usio wake. Maelezo mengi ya sarufi atakayokutana nayo yameandikiwa watu waliokulia Kiingereza. Kurasa kadhaa zinamalizika kumbembeleza msomaji akubali kwamba nomino zina makundi, kwamba "wewe" na "ninyi" ni vitu viwili, kwamba herufi a husomwa a. Hayo unayajua tangu utotoni. Pale unapohitaji msaada kweli, tuseme kutofautisha "er" na "sie" ilhali lugha yako ina "yeye" mmoja tu, kitabu kinapita kimya, kwa sababu Mwingereza hapo hana shida.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: kila sentensi mpya ya Kijerumani, iweke kando ya sentensi ya Kiswahili. Kiingereza kitumie kama kamusi tu pale Kiswahili kinapokosa kitabu.

Sauti kwanza

Zipe sauti wiki mbili kabla hujarundika msamiati. Una mtaji tayari: irabu a, e, i, o, u za Kijerumani ziko karibu sana na zako. Neno "Name" lisome kama Mswahili, na-me, ukirefusha a ya kwanza, na umefika. Ukilisoma Kiingereza umepotea.

Herufi za kuzoea upya si nyingi. W husomwa v, na v mara nyingi husomwa f, kwa hiyo "Vater" ni "faata". Z ni ts, ile ya katikati ya pizza: "Zeit" ni "tsait". S ikitangulia irabu mwanzoni mwa neno husikika z. St na sp mwanzoni mwa neno huwa sht na shp. Sch ni sh. J ni y. Ei ni ai, ie ni i ndefu, eu na äu ni oi. Watu huchanganya ei na ie kwa miezi. Namna rahisi ya kushika ni kutazama herufi ya pili, kwa kuwa i ikiwa mwishoni unasikia ai.

Irabu zenye nukta mbili ndizo ngeni. Kupata ü, tamka i bila kukoma, kisha ukiacha ulimi ulipo, kunja midomo kana kwamba unasema u. Kupata ö, fanya vivyo hivyo ukianza na e na kukunja midomo kwa o. Ukisema "schon" umesema "tayari", ukisema "schön" umesema "nzuri", na msikilizaji hatakusamehe kirahisi kama unavyodhani.

Ch ina sauti mbili. Baada ya a, o, u na au ni ile kh ya "kheri", kwa hiyo "Buch" na "acht" si tatizo. Baada ya i, e, ä, ö, ü na baada ya konsonanti, ni sauti laini: tamka h ya "hii" ukiwa umeinua ulimi kana kwamba unaanza y. Wengi huishia kusema "ik" au "ish". Ish inaeleweka na sehemu nyingine za Ujerumani huisikia kila siku. Ik inachosha masikio zaidi. R nayo, katika matamshi ya kawaida ya redioni, hutokea kooni, jirani kabisa na gh ya "ghali". Mwishoni mwa silabi hupotea na kuacha a hafifu, ndiyo maana "Lehrer" inasikika "leera".

Yapo mambo matatu yanayomwangusha hasa Mswahili, na vitabu haviyataji.

La kwanza ni rundo la konsonanti. Silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu, basi ulimi unachomeka irabu pasipostahili: "Milch" inakuwa "miliki", "Strumpf" inakuwa "sutrumpfu". Dawa ni kujenga neno kutoka nyuma. Chukua "Herbst": sema t peke yake, kisha st, kisha pst, kisha erpst, kisha Herpst. Usiongeze hatua mpaka ile iliyotangulia itoke bila irabu ya ziada. Hiyo p haijaandikwa kimakosa. Konsonanti b, d na g mwishoni mwa silabi hugeuka p, t na k, kwa hiyo "Tag" ni "taak" na "und" ni "unt".

La pili ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri. Kijerumani hukaza ya kwanza katika maneno mengi ya asili yake: ARbeiten, ANTwort. Viambishi be-, ge-, er-, ver-, ent- na zer- havikazwi kamwe, kwa hiyo ni verSTEhen. Maneno yenye -ieren na -tät hukazwa huko mwishoni: stuDIEren, UniversiTÄT. Mkazo unaweza kugeuza maana kabisa. UMfahren ni kugonga kitu kwa gari hadi kianguke; umFAHren ni kukizunguka kwa gari. Herufi ni zilezile.

La tatu ni urefu wa irabu. "Ofen" ni jiko lenye o ndefu, "offen" ni wazi yenye o fupi. Konsonanti mbili zinafupisha irabu iliyotangulia. H baada ya irabu, au irabu iliyorudiwa, inairefusha. Herufi ß nayo ni alama ya kusomea: hufuata irabu ndefu au mbili zilizoungana, kama "Straße" na "heiß", huku ss ikifuata fupi, kama "Wasser". Uswisi hawaitumii ß hata kidogo. Huandika ss kote.

Der, die, das: unajua ngeli, lakini si hizi

Mswahili hashangai kuambiwa nomino zina makundi. Kinachomsumbua ni mahali yanapoonekana. Katika "kiti changu kile kimevunjika" ngeli imepiga muhuri kila neno, hivyo hata usipojua, masikio yatakufundisha. Kijerumani kinapiga muhuri kwenye kineno cha mbele (der, die au das), kwenye kivumishi kinachokitangulia kitu, na kwenye kiwakilishi. Kitenzi hakijali. Na nomino yenyewe, tofauti na ki- au m- yetu, mara nyingi haikupi dalili yoyote mwanzoni. Dalili, zikiwepo, ziko mkiani.

Mikia hiyo inafaa kukaririwa siku ya kwanza, kwa sababu inakupa maelfu ya maneno bure. Maneno yanayoishia -ung, -heit, -keit, -schaft, -ion na -tät karibu yote ni "die", na wingi wake ni -en. Yanayoishia -chen na -lein ni "das", hata "Mädchen", msichana. Yanayoishia -ling na -ismus ni "der", pamoja na watenda kazi wa -er kama "Lehrer". Siku za wiki, miezi na majira ni "der". Kitenzi kilichogeuzwa nomino ni "das": das Essen, das Lernen, sawasawa na ngeli yetu ya KU. Yanayoishia -e ni "die" kwa sehemu kubwa sana ("die Schule" yumo, na hilo neno tayari unalo), ila yapo yanayokaidi kama "der Name", "der Junge", "das Auge" na "das Ende". Neno lililoungwa hufuata kipande cha mwisho: "das Haus" na "die Tür" huzaa "die Haustür". Kwa sababu hiyo maneno marefu ya Kijerumani husomwa kutoka nyuma. "Krankenversicherungskarte" ni Karte, ya Versicherung, ya Kranken: kadi ya bima ya afya, na ni "die" kwa sababu ya Karte.

Mengine yote ni ya kubeba na kineno chake. Usiandike "Stuhl" kwenye daftari. Andika "der Stuhl, die Stühle", umoja na wingi pamoja, maana wingi wa Kijerumani una sura nyingi (-e, -er, -n, -en, -s, bila kitu, na wakati mwingine nukta juu ya irabu) na hautabiriki vya kutosha. Kukariri neno tupu halafu kurudi baadaye kulitafutia der au die ni kazi mara mbili, na mara ya pili haishiki.

Tahadhari mbili hapa. Katika Kiswahili kiumbe hai huenda A-WA moja kwa moja: mbwa amelala, paka amelala, farasi amelala. Kwa Kijerumani "der Hund", "die Katze", "das Pferd", kila mmoja na lake. Na kiwakilishi kinafuata kundi la neno, si uhai wake. Meza ni "der Tisch", kwa hiyo ukiisema tena ni "er": "Der Tisch ist neu. Er ist groß." Waanzaji wengi huweka "es" kwa kila kitu kisicho na uhai.

Kwa watu, hatari ni "yeye" na "-ake". Kijerumani kinadai jinsia kila mara: "er" na "sein" kwa mwanamume, "sie" na "ihr" kwa mwanamke. Aliyezoea "yeye" atateleza hata akiwa kiwango cha B2 (viwango vya lugha huanzia A1, cha wanaoanza, hadi C2), kwa kuwa si suala la kutojua bali la ulimi kutozoea kuchagua. Zoezi linalosaidia: chukua aya fupi ya Kijerumani kuhusu mwanamume, uisome kwa sauti ukimgeuza kuwa mwanamke, bila kuandika. "Er wohnt in Köln, sein Bruder…" inakuwa "Sie wohnt in Köln, ihr Bruder…". Dakika tano kwa siku zinatosha.

Sentensi moja chini ya taa

Chukua: Jana nilimnunulia dada yangu sanduku jekundu.

Kwa Kijerumani: Gestern habe ich meiner Schwester einen roten Koffer gekauft.

Neno "nilimnunulia" limebeba mambo manne: ni- ya mtenda, -li- ya wakati, -m- ya anayetendewa, na ile -li- ya mwishoni ya kauli ya kutendea. Kijerumani kimevunja kifurushi hicho na kutawanya vipande sentensi nzima. Mtenda ni "ich". Wakati uliopita umegawanyika: "habe" huku mwanzoni, "gekauft" kule mwisho. Na kutendea kumekwenda kujificha kwenye herufi mbili za mwisho za "meiner".

Hizo herufi mbili ndizo Dativ, na Mswahili ana ufunguo wake. Shuleni ulifundishwa yambwa tendwa na yambwa tendewa, au kwa wengine shamirisho kipozi na kitondo. Kitu kinachotendwa huenda Akkusativ: sanduku. Anayetendewa huenda Dativ: dada. Kiima hubaki Nominativ. Unapoona kitenzi cha Kiswahili kimevaa -ia au -ea na nyuma yake kuna mtu, dhani Dativ kwanza: kumletea, kumwandikia, kumwonyesha njia (hapa hakuna -ia, lakini njia ndiyo inayoonyeshwa na mtu ndiye mwonyeshwaji). Hata "kusaidia" inatii, kwa kuwa "helfen" hutaka Dativ: "Ich helfe dir".

Ufunguo huo haufungui milango yote. "Kumpigia simu" kwa Kijerumani ni "anrufen", nacho hutaka Akkusativ: "Ich rufe dich an", si "dir". "Kufuata" na "kusikiliza" hazina -ia, lakini "folgen" na "zuhören" hutaka Dativ. Hivyo ndivyo vya kuandika pembeni kwa rangi nyingine.

Mabadiliko yenyewe si mengi kama jedwali linavyotisha. Katika Akkusativ kinachobadilika ni "der" tu, kinakuwa "den", na "ein" yake "einen". Die na das hubaki. Katika Dativ, der na das huwa "dem", die huwa "der", na wingi huwa "den" huku nomino ikiongezewa -n kama haina na haiishii -s. Ukiona "der" mbele ya neno unalolijua kuwa la "die", usidhani kitabu kimekosea: kwa kawaida ni Dativ. Genitiv iache mpaka A2. "Kitabu cha mama" sema "das Buch von meiner Mutter" na uendelee na safari.

Kuna sentensi ambazo Kiswahili na Kijerumani vimefanana kuliko Kiingereza. "Kitabu kinanipendeza": Das Buch gefällt mir. Kitabu ndicho kiima, mimi ndiye ninayepatwa. "Kichwa kinaniuma": Der Kopf tut mir weh. "Nina njaa": Ich habe Hunger. "Naitwa": Ich heiße. Ukizipitisha kwenye Kiingereza unazivuruga zote. Umri ndio umekwenda kinyume: sisi tuna miaka, Mjerumani "ni" miaka, "Ich bin dreißig Jahre alt". Na baridi haisemwi "Ich bin kalt", ambayo inaweza kueleweka kuwa wewe ni mtu mkavu wa moyo, bali "Mir ist kalt".

Viishio vya vivumishi, kama ile -en ya "roten", ndipo walimu wengi hupoteza wanafunzi mapema. Maoni yangu: katika A1 vitambue ukivisoma, usijitese kuvitengeneza. Jambo moja tu lishike sasa. Kivumishi kikija baada ya "ist" hakibebi kiishio chochote: "Der Koffer ist rot". Sisi husema "sanduku ni jekundu", upatanisho haukomi, kwa hiyo mkono unataka kuongeza kitu. Usiongeze.

Kitenzi kina kiti chake

Kitenzi kilichonyambuliwa, yaani kilichobadilika kumfuata mtenda, hukaa nafasi ya pili. Ya pili si neno la pili bali kipande cha pili, maana kipande cha kwanza kinaweza kuwa na maneno matano. Kosa tunalofanya wote ni "Heute ich gehe…", kwa sababu "leo ninaenda" imejaa kichwani. Nafasi ya kwanza ikikaliwa na "heute", kiima husogea nyuma ya kitenzi: "Heute gehe ich". Vineno und (na), aber (lakini), oder (au), denn (kwa maana) na sondern (bali) havihesabiwi. Baada yake mpangilio hubaki ulivyokuwa.

Vitenzi vikiwa viwili, cha pili huenda mwisho kabisa: "Ich will morgen mit dir nach Berlin fahren." Vitenzi vinavyokatika hufanya vivyo hivyo na kipande chao: kutoka "aufstehen" (kuamka) unapata "Ich stehe um sechs Uhr auf". Katika kusikiliza, hili lina gharama: ukiacha kusikiliza kabla ya mwisho wa sentensi hujui mtu anafungua au anafunga, kwa kuwa "Ich mache das Fenster…" inaweza kuishia "auf" au "zu".

Kishazi tegemezi chenye weil (kwa sababu), dass (kwamba) au wenn (ikiwa) hupeleka kitenzi kilichonyambuliwa mwisho, na mkato mbele yake ni wa lazima: "Ich lerne Deutsch, weil ich in Deutschland arbeiten will." Katika A1 unaweza kuikwepa weil kwa kutumia denn, ambayo maana yake ni ileile bila kuhamisha kitenzi. Ni njia ya mkato halali.

Nyakati zitakupa nafuu. Tofauti ya -li- na -me- haihamishwi. Mazungumzo ya kila siku hutumia Perfekt, ile ya "habe… gekauft", kwa zote mbili. Andika vitenzi kwa sura tatu: "fahren, fährt, ist gefahren". Vingi huchukua "haben" (kuwa na). Vya kwenda kutoka mahali hadi mahali au kubadilika hali huchukua kitenzi "sein" (kuwa), yaani gehen, kommen, fliegen, aufstehen, einschlafen, sterben, pamoja na bleiben (kubaki) na sein yenyewe, ambavyo havisogei popote na inabidi kuvikariri. Vitenzi vya be-, ver-, er- na wenzake, na vyote vya -ieren, havichukui ge-: "verstanden", "studiert". Kwa "nilikuwa" na "nilikuwa na" tumia war na hatte. Wakati ujao, sema kwa wakati uliopo ukitaja siku: "Ich komme morgen". Na "nimeishi hapa miaka miwili", kama bado unaishi, ni wakati uliopo pia: "Ich wohne seit zwei Jahren hier". Wengi hutumia Perfekt hapo, na msikilizaji anaelewa kwamba umeshahama.

Mitego midogo

"Kwa" yetu ni mfuko mkubwa. Kijerumani kimeumwaga mezani. Kwa basi ni "mit dem Bus". Niko kwa daktari ni "beim Arzt", ninaenda kwa daktari ni "zum Arzt". Kwa ajili yako ni "für dich". Kwa sababu hiyo usikariri kihusishi peke yake na tafsiri yake, bali kirai kizima.

Kiambishi -ni cha mahali nacho hufunika tofauti ambayo Mjerumani haachi. "Niko jikoni" na "naingia jikoni" zote ni jikoni, lakini kukaa ni Dativ, "in der Küche", na kuelekea ni Akkusativ, "in die Küche". Vihusishi vyenye tabia hii ni tisa: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Vingine vina msimamo mmoja. Durch, für, gegen, ohne na um ni vya Akkusativ siku zote. Aus, bei, mit, nach, seit, von na zu ni vya Dativ siku zote. Miji na nchi nyingi huendewa kwa "nach", ila nchi zenye kineno chao huchukua in: "in die Schweiz", "in die Türkei", "in die USA".

Swali la kukanusha linaleta ugomvi wa kweli. Ukiulizwa "Huji?", Mswahili anaweza kujibu "Ndiyo, siji", akikubaliana na swali. Mjerumani akiuliza "Kommst du nicht?", jibu la kutokuja ni "Nein". La kuja ni "Doch". "Ja" hapo humwacha mwenzako akikukodolea macho. Na kukanusha kitu chenye ein, au kisicho na kineno, ni "kein": sina gari ni "Ich habe kein Auto". Kitendo hukanushwa kwa nicht.

Halafu saa. "Halb drei" ni nusu ya kuelekea saa ya tatu, yaani 2:30, ambayo kwa Kiswahili cha mchana ni saa nane na nusu. Hapo kuna ngazi mbili za kushuka: nusu inahesabiwa kwenda mbele, na saa zetu zimepishana kwa sita. Usijaribu kuzishuka zote mbili kichwani. Chora saa ya mishale, weka mikono ilipo, na useme kwa Kijerumani ukiitazama, bila kupitia jina la Kiswahili. "Fünf vor halb drei", 2:25, itakuja yenyewe. Kwenye vituo vya treni na redioni utasikia hesabu ya saa 24, "vierzehn Uhr dreißig", ambayo ni rahisi zaidi.

Namba kuanzia 21 husemwa mamoja kabla ya makumi: 47 ni "siebenundvierzig". Ukisomewa namba ya simu kwa sauti, usiandike 7 mara uisikiapo. Subiri neno lote liishe ndipo mkono usogee.

Ratiba inayofanya kazi

Dakika 45 kila siku zinashinda saa tano za Jumamosi, kwa sababu maneno hupotea ndani ya siku chache yasiporudiwa. Kumi za kwanza zitoe kwa kadi za marudio. Programu ya Anki haina malipo kwenye kompyuta na simu za Android, na hukuletea neno pale unapokaribia kulisahau. Maneno mapya manane hadi kumi kwa siku yanatosha. Wanaoanza na 30 huelemewa na marudio katika wiki ya tatu na kuacha kabisa. Mbele ya kadi weka sentensi fupi ya Kiswahili, nyuma sentensi ya Kijerumani yenye kineno na wingi.

Dakika ishirini ni za somo lenyewe. Deutsche Welle wana kozi ya video iitwayo Nicos Weg, bure, kuanzia A1 hadi B1, nayo inatosha kuwa uti wa mgongo. Habari zao zinazosomwa polepole ziache kwanza; jina linavutia, lakini msamiati wake ni wa juu sana.

Dakika kumi na tano zilizobaki, fanya imla. Chagua sekunde ishirini za sauti yenye maandishi yake, sikiliza, andika, sikiliza tena mara mbili, kisha linganisha. Zoezi hili ni chungu na ndilo bora kuliko yote kwa mwanzaji, kwa sababu linafichua usichosikia: -en iliyomezwa, den uliyoisikia dem, t ya mwisho wa kitenzi. Makosa yaandike katika safu moja kwa wiki nzima. Yataanza kufanana, na hapo unajua cha kutengeneza.

Kuandika ä, ö, ü na ß kwenye simu, bonyeza herufi ya kawaida na usiachie. Kwenye kompyuta ongeza kibodi ya Kijerumani katika mipangilio, ukijua kwamba y na z zitabadilishana nafasi. Ukikwama kabisa, ae, oe, ue na ss zinakubalika.

Kwa mtihani wa A1 wa Goethe-Institut, unaoitwa Start Deutsch 1, orodha rasmi ina takriban maneno 650. Kwa ratiba hii, miezi minne hadi sita ni makadirio ya kweli kwa mtu anayefanya kazi au kusoma. Kusikiliza ni dakika 20 hivi, kusoma 25, kuandika 20, kuzungumza 15, na kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Katika kusikiliza, sehemu ya kwanza na ya tatu husikika mara mbili, lakini matangazo ya sehemu ya pili husikika mara moja tu. Soma maswali yake kabla sauti haijaanza.

Katika kuzungumza utajitambulisha kwa jina, umri, nchi, unapoishi, lugha, kazi na mapendeleo, kisha utaombwa kutaja jina lako herufi kwa herufi na kusoma namba. Hapo ndipo majina yetu yanapowatoa watu jasho, kwa sababu W ni "ve", V ni "fau", J ni "yot", Y ni "üpsilon" na Z ni "tset". Mwajuma ataanza Em, Ve, A, Yot. Fanya zoezi la jina lako lote na namba yako ya simu mpaka visimame bila kufikiri.

Katika kuandika kuna fomu ya kujaza taarifa tano, halafu ujumbe mfupi wa maneno 30 hivi wenye hoja tatu. Kila hoja ipe sentensi yake, usiziunganishe kwa ustadi, maana msahihishaji anatafuta hoja tatu. Salamu na kuaga vina alama zake. Kwa usiyemjua andika "Sehr geehrte Damen und Herren" na umalize "Mit freundlichen Grüßen", bila mkato baada yake. Kwa rafiki "Liebe" akiwa mwanamke, "Lieber" akiwa mwanamume, na umalize "Viele Grüße". Baada ya salamu ya mwanzo weka mkato, na sentensi inayofuata ianze kwa herufi ndogo, isipokuwa neno lake la kwanza ni nomino au Sie ya heshima.